Baba alipigana Msumbiji zamani. Kwa nini vita vimrudie leo?

*"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 62, ni mwanajeshi mstaafu, tunaishi naye Ukonga. Mwaka 1987 akiwa kijana alipelekwa Msumbiji, huko Zambezia. Alirudi salama, akaoa, akatulea vizuri. Alipotoka jeshini alifanya kazi kwenye kampuni ya ulinzi, zamu ya usiku, mpaka mwaka jana macho yalipomsumbua akaacha. Mama alifariki mwaka juzi.*

*Tangu aache kazi halali. Usiku anazunguka nyumba, anakagua geti, anarudi, anakwenda tena. Akipitiwa na usingizi anapiga kelele, na juzi alimkaba mdogo wangu aliyekwenda kumwamsha. Chini ya godoro ana panga. Hakanyagi majani, hata pale nje anapita kwenye saruji tu. Sikukuu ya Idi mwanangu wa miaka 10 alinunuliwa bunduki ya plastiki. Baba aliichukua bila kugomba, akaenda kuizika nyuma ya choo, kisha hakusema neno siku mbili.*

*Shangazi anasema ni jini alilotoka nalo Msumbiji, anataka tumpeleke kwa mtaalamu Bagamoyo. Kaka anasema ni uzee, na amemnunulia vidonge vya usingizi duka la dawa. Mimi nasema ni vita, lakini wananiuliza: mbona miaka yote alikuwa mzima? Hata mabomu ya Gongo la Mboto yalipolipuka, yeye ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote, akatulaza mtaroni mmoja mmoja. Je, nimbane atueleze yaliyompata? Atapona?"*

Marahaba, binti yangu. Nitaanza na hilo swali wanalokubana nalo, maana ugomvi wote wa shangazi, kaka na wewe umesimama hapo: mtu anauguaje vita vya karibu miaka arobaini iliyopita, wakati katikati aliishi vizuri?

Kwa ulivyoeleza, sidhani kama baba yako alikuwa mzima miaka yote kisha akaugua mwaka jana. Nadhani alikuwa na kazi iliyoufunika ugonjwa. Tazama maisha yake. Jeshini mtu huamka alfajiri, hulala kwa amri, na kukagua silaha na milango ni sehemu ya kazi. Alipotoka huko akaingia kwenye ulinzi wa usiku. Mtu asiyeweza kulala usiku, anayesikia hatua ya paka, anayerudi getini mara kumi kuhakikisha kufuli, nyumbani tungemwita mgonjwa. Kwenye kampuni ya ulinzi huyo ndiye mfanyakazi bora. Analipwa kwa kukesha. Asubuhi anarudi, analala mchana kukiwa na mwanga na watoto wanacheza nje, na mchana kwa askari wengi wa zamani ndio muda salama. Wala nyinyi watoto msingeona kitu.

Halafu kuna mama yenu. Wake wa wanajeshi wanajua mambo mengi ambayo hawawaambii watoto: mume aamshwe kwa kuitwa kutoka mlangoni, asiguswe begani, taa ya korido isizimwe, mlango wa nyuma ufungwe mbele ya macho yake. Sitashangaa kama mama yako alikuwa akiyafanya hayo kimya kimya kwa miaka thelathini. Ndani ya miaka miwili mzee amempoteza mke na amepoteza kazi. Sisi tunaotibu watu hawa tunaliona hili mara kwa mara: kiwewe cha vita kinaweza kutulia miongo kadhaa kisha kikapanda mtu anapostaafu, anapofiwa, au mwili unapoanza kumsaliti. Macho yake kupungua nguvu nayo si jambo dogo. Mlinzi asiyeona vizuri hukagua zaidi.

Na Gongo la Mboto? Usiku ule wa 16 Februari 2011 nusu ya jiji ilikuwa mbioni, watu wengine wakaishia Uwanja wa Uhuru bila kujua watoto wao wako wapi. Baba yako akawalaza mtaroni mmoja mmoja. Hiyo inaonyesha mafunzo yake yalikuwa mazuri, haituambii lolote kuhusu afya yake. Kwa mtu wa namna yake, usiku ule ulikuwa rahisi kuliko usiku wa kawaida, kwa sababu kwa mara moja hali ya nje ililingana na ile anayoishi nayo ndani. Ukitaka kujua zaidi, kumbukeni wiki zilizofuata. Nani alilala wapi? Nani alikuwa macho saa tisa usiku?

Sasa tuje Zambezia, maana nyumbani kwenu linatajwa jina tu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilianza mwaka 1977 kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo, vikamalizwa na mkataba uliosainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Rais Samora Machel alikufa kwenye ajali ya ndege kule Mbuzini, Afrika Kusini, Oktoba 1986, wakati Renamo wakiwa wameshika maeneo makubwa ya Zambezia. Tanzania ikapeleka wanajeshi, wapatao 3,000 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, wakakaa huko hadi mwishoni mwa 1988. Vita vya Kagera kila mtu anavijua, vina nyimbo na mnara. Zambezia haisemwi sana. Waliokwenda walirudi, wakapangiwa vikosi vingine, maisha yakaendelea. Nalitaja hili kwa sababu mpiganaji hupona vizuri zaidi pale jamii inapojua alikokuwa, na kizazi cha baba yako hakikupata sana bahati hiyo.

Watu wakisikia "vita" wanawaza risasi. Wazee wanaokaa kwenye kiti pale ofisini kwangu huzungumzia mapigano kwa dakika chache tu. Kinachowachukua muda mrefu ni kambi. Turubai lililolowa mvua wiki nzima likanuka ukungu. Kulala na buti miguuni mpaka ngozi ya nyayo inabanduka. Malaria. Nyama ya kopo ile ile, biskuti ngumu zile zile, na barua kutoka nyumbani inayofika miezi miwili baadaye. Kisha lindo: unasimama kwa saa mbili, unapumzika kwa saa nne, unasimama tena, ili mradi hakuna usingizi unaokamilika. Katika lindo masikio ndiyo yanayofanya kazi. Mwanzi umelia: ni nguruwe, ni mwanakijiji anayekimbia na mzigo, au ni adui? Una sekunde moja ya kuamua. Mara nyingi sana hapakuwa na kitu. Mwili ulijiandaa kufa, kisha ukaambiwa tulia, mara kadhaa kwa usiku, kwa miezi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vina ubaya wake wa ziada. Adui hana lazima ya kuvaa sare. Anazungumza Kilomwe au Kichuwabo kama wanakijiji wenzake, lugha ambazo kijana aliyetoka Tanzania hazijui. Na kuna jambo ambalo limeandikwa sana kuhusu Renamo: waliteka watoto wakawatumikisha vitani. Sitabahatisha kwa nini baba yako aliizika ile bunduki ya plastiki, na nakuomba na wewe usibahatishe. Ila angalia alichofanya. Hakuivunja, hakumpiga mtoto, aliizika. Msiifukue. Mwambie mwanao kwamba babu aliona vita vya kweli na bunduki hazimfurahishi, basi, na mnunulieni mpira.

Kuhusu majani, hilo lina maelezo ya wazi. Njia za Msumbiji zilitegwa mabomu ya ardhini. Askari walifundishwa kukanyaga alipokanyaga aliyetangulia na kutokatiza nyasi kwa sababu yoyote ile. Nchi ile ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu hayo mwaka 2015 tu, baada ya kazi ya miaka mingi iliyowahusisha pia wale panya wakubwa waliofunzwa kwetu Morogoro. Kwa hiyo mzee anayepita kwenye saruji tu pale Ukonga anafuata kanuni iliyomrudisha nyumbani akiwa na miguu miwili. Kwa hilo huwezi kumwita kichaa.

Ndani ya ubongo kinatokea hiki. Kuna kiini kidogo kinachoitwa amigdala, kazi yake ni kupiga king'ora cha hatari kabla hujapata hata muda wa kufikiri. Kuna sehemu nyingine, hipokampasi, ambayo huweka kumbukumbu mahali pake: hili lilitokea mwaka ule, kule, na limekwisha. Mtu akiwa kwenye hofu kali, ya kwanza hufanya kazi kupita kiasi na ya pili huzidiwa. Matokeo yake, tukio huhifadhiwa kama harufu, sauti na mapigo ya moyo, bila tarehe. Miaka mingi baadaye harufu ya turubai bichi au mlio wa tairi la lori linalopasuka Pugu Road huliamsha, na mwili haujui kuwa ni zamani. Ni kama mlinzi wa geti ambaye hakuna aliyemwambia zamu yake imekwisha. Kwa kawaida sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomtuliza mlinzi huyo, lakini nguvu yake hupungua kwa kukosa usingizi, kwa majonzi na kwa umri. Baba yako ana vyote vitatu kwa wakati mmoja.

Nije kwa kaka yako. Anaposema ni uzee, nusu yake ni hoja ya kuheshimiwa. Mzee wa miaka 62 anayezurura usiku anaweza kuwa na mambo mengine, na mimi nisingeanza tiba ya kiwewe kabla ya kuyaangalia. Je, anapotea njia anazozijua? Anarudia swali lile lile? Anaamka mara nyingi kwenda kukojoa, ambalo linaweza kuwa tezi dume au sukari? Anakoroma kwa nguvu, kisha pumzi inakata, kisha anashtuka? Anatumia dawa gani za presha? Pia kuna ugonjwa wa usingizi unaowafanya hasa wanaume wa umri huo wapigane ndotoni kwa mikono na miguu, na tiba yake ni tofauti. Hayo yote hupimwa, na mengi hayahitaji gharama kubwa.

Nusu nyingine ya kaka inanitisha, nayo ni vidonge. Kama ni diazepamu, ambayo wengi wanaiita Valium, tafadhali msiendelee kumpa kwa kukadiria. Kwa kiwewe cha vita dawa hiyo haitibu kitu. Inalewesha usiku mmoja, baada ya wiki chache mwili unaizoea na kudai zaidi, na kwa mzee huleta kuanguka na kusahau, halafu kaka atasema, "Si niliwaambia ni uzee?" Kama ameshaitumia kila siku kwa wiki kadhaa, msiikate ghafla pia, kwa sababu inaweza kuleta degedege. Leteni pakiti tuone namna ya kuipunguza.

Shangazi naye nisimdharau. Huko huko Msumbiji, vita vilipokwisha, vijiji vingi viliwapokea wapiganaji kwa ibada za kuwatakasa: kuogeshwa, kisha kula pamoja na watu. Watu wale walijua kwamba anayerudi kutoka vitani hawezi tu kuweka begi chini akaanza kulima. Kwa hiyo mkitaka kumsomea dua nyumbani, na yeye mwenyewe akaridhia, fanyeni. Ninachokataa ni mambo matatu: kumpeleka kwa nguvu au kwa uongo, kumfunga au kumpiga "ili jini litoke", na kumaliza kiinua mgongo chake kwa mganga huku hospitali ikisubiri. Ukimbana askari mwenye kiwewe kwenye chumba cha giza na moshi, atapigana, na mtu ataumia.

Umeuliza kama umbane asimulie. Hapana. Imani kwamba akitapika yote siku moja atapona imeenea sana, na inaumiza watu. Kusimulia kunasaidia pale tu kunapofanywa pole pole, kwa mpangilio, na mtu anayejua kumrudisha chumbani akizama. Nyumbani, kazi yenu ni kutofunga mlango. Akianza mwenyewe, sikiliza, usimkatize kwa "pole baba, yamepita", usiulize aliua wangapi. Akinyamaza katikati, nyamaza naye. Chai iletwe.

Tiba yenyewe ipo, na inafaa hata baada ya miaka arobaini. Mojawapo ya mbinu ninazoziamini imejaribiwa kwa wakimbizi wa vita hapa hapa jirani, Uganda, na ilionekana kufanya kazi hata ilipoendeshwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Tunalaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka jiwe kwa kila jambo zito na ua kwa kila jambo jema. Hapo anaona kwa macho yake kwamba Zambezia ni kipande kifupi cha kamba, na kabla yake na baada yake kuna maua: ndoa, wewe, mjukuu. Kisha kikao hadi kikao tunapita jiwe kwa jiwe, tukirudisha tarehe na mahali kwenye yale yaliyohifadhiwa bila tarehe. Wiki za mwanzo ndoto zinaweza kuongezeka, na familia nyingi hukata tamaa hapo. Nawaambia mapema ili msishtuke.

Dawa zina nafasi yake. Zile za kundi la setralini husaidia wengi, hasa kama kuna sonona ndani yake, yaani huzuni nzito isiyoisha, na kwa mtu aliyefiwa na mke mwaka juzi lazima tuiulizie. Huchukua wiki nne hadi sita kuonekana, na si kila mtu zinamfaa. Kwa ndoto mbaya kuna prazosini, dawa ya zamani ya presha ambayo pia hulegeza tezi dume. Nimeona ikiwasaidia baadhi ya wazee, lakini utafiti mkubwa wa askari wastaafu wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 haukuiona ikishinda kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo tunaijaribu kwa uangalifu, kidogo kidogo, maana dozi ya kwanza inaweza kumwangusha akisimama ghafla.

Ukiniuliza atapona kwa maana ya kusahau, hapana. Kwa maana ya kulala saa tano mfululizo, kukaa na mjukuu, na kusikia fataki za mwaka mpya akakasirika tu kama mzee mwingine yeyote, hilo nimeliona kwa watu waliofika wakiwa na hali mbaya kuliko yake.

Wakati mnapanga kuja, fanyeni machache. Mdogo wako asimwamshe kwa kumshika tena. Asimame mlangoni, awashe taa, aite "Baba, ni mimi fulani, upo Ukonga." Panga lisichukuliwe kwa hila, ataligundua na hatawaamini tena. Mwombeni likae mahali penye kufuli na ufunguo ukae kwa mtu mnayekubaliana. Na doria msiizuie, bali ipeni mwisho. Askari hawezi kuacha lindo, lakini anaweza kulikabidhi. Saa nne usiku azunguke na mdogo wako, wakague geti na milango pamoja, kisha amkabidhi funguo kwa maneno kamili kama walivyokuwa wakifanya kazini: hali shwari, lindo nimekabidhi. Mdogo wako apokee kwa heshima hiyo hiyo, bila kucheka. Inaonekana kama mchezo. Jaribuni wiki mbili.

Msingoje miadi kama atasema afadhali afe au nyinyi mngepumzika bila yeye, kama ataanza kugawa vitu vyake, kama atawatishia kwa silaha, au kama ghafla hawatambui, maneno yanagongana, mdomo umekwenda upande au ana homa. Hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Na hilo la kufa muulizeni kwa maneno ya wazi. Kumuuliza hakumpi wazo hilo.

Kwa hali mliyonayo leo, hospitali ya Amana ipo karibu yenu kwa vipimo vya mwanzo, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kwa kuwa ni mstaafu wa jeshi ulizieni pia utaratibu wa Lugalo, hospitali ya jeshi. Wazee wengine hukubali haraka wakihudumiwa na mtu aliyevaa kombati, wengine ndipo wanapogoma kabisa kwa kuogopa kuonekana dhaifu mbele ya wenzao. Mwache achague. Usimwambie "tunakupeleka kwa daktari wa akili". Mwambie ukweli ambao hauna ubishi: hulali, macho yanakusumbua, tukapime. Mkifika, mimi au mwenzangu tutafika kwenye vita kwa njia yetu.

Siku ya kwanza msije ukoo mzima. Mje wewe na yeye, asubuhi, na kwenye mfuko muweke dawa zote anazotumia, zile za kaka zikiwemo.